Maji ya Mkono Wake Mwenyewe

Ukimaliza kuzitaja nchi zote unazozijua, inabaki moja ambayo hukuitaja, na hiyo ndiyo Niabani. Kidawa binti Sururu naye hakuijua mpaka alipoitwa kwenda huko kufanya kazi.

Kazi yake ilikuwa kutafuta waliopotea. Kwao alishatafuta watoto waliopotelea sokoni, waume waliopotea kwa makusudi, pete, mbuzi, na safari moja hata maiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kuolewa. Shangazi zake walikuwa wameacha kumuuliza sababu, si kwa kuielewa bali kwa kuchoka.

Pale mpakani palisimama mtu mwenye kanzu safi, akamsalimu salamu ndefu. Alimuuliza hali yake, hali ya wazazi wake, ya mazao ya kwao, ya safari, ya usingizi. Kisha akasema, "Hizo ni salamu za watu wote wa nchi hii, nimekupa kwa niaba yao. Humo ndani hutasalimiwa tena."

Ikawa kweli. Kidawa alipita sokoni, watu wakamtazama bila chuki na bila neno. Mwanamke mmoja alimgonga kwa kapu lake mpaka akayumba, akaendelea na njia.

"Usihuzunike," alisema yule mtu wa kanzu, aliyekuwa akimwongoza. "Mwisho wa mwezi Mwomba Radhi atakufikia. Anakwenda mtaa kwa mtaa."

Ndivyo mambo yalivyokuwa Niabani. Kila jambo zito lilikuwa na mtu wake wa kulifanya kwa niaba ya wengine. Alikuwepo Mwomba Radhi, Mtembelea Wagonjwa, Mshukuru, na kwa misiba walikuwepo Walia, waliokaa safu moja wakitoa machozi ya mtaa mzima. Mkono wa mwenyewe, sheria ilisema, ni wa mtawala peke yake. Raia akijililia msiba wake au akimwosha mgonjwa wake kwa mikono yake, amejifanya mtawala, na adhabu yake ni kifungo.

"Zamani," alisema mwongozaji, kama mtu anayesimulia habari za watu waliokula nyama mbichi, "kila mtu alikuwa akilia mwenyewe."

Barazani Kidawa alionyeshwa Kigoda. Kilikuwa kitupu tangu wazee wa Baraza walipokuwa vijana. Kila mchana chakula kiliandaliwa mbele yake, na Mla wa Niaba, mtu mnene mwenye huzuni, alikaa chini akakila chote. Waziri Ngwali, aliyeiongoza nchi kwa kukingojea kiti hicho, alimkaribisha Kidawa kwa kumwashiria mtu amkaribishe.

"Tumepotelewa na mtoto wa Kigoda," alisema. "Mtoto wa kike. Siku mtawala wa mwisho alipofariki, yaya alimchukua akatoroka naye. Tumemtafuta kwa bidii kubwa."

"Mmemtafuta wapi?"

"Tulimteua Mtafutaji."

"Yeye alitafuta wapi?"

Waziri alimtazama kama aliyeulizwa swali lisilo na adabu. "Hapa hapa. Alikuwa na chumba chake. Sasa amefariki, na hakuna mwananchi mwingine aliyetaka kazi yenye kutembea. Ndiyo maana wewe."

"Nitamjuaje?"

"Mtoto wa Kigoda hufundishwa tangu angali ananyonya kufanya yote kwa mkono wake. Sisi wengine hatujui yanavyofanywa. Na huyo yaya alikuwa mlezi wa Kigoda, atakuwa amemfundisha. Ukimwona mtu anayejua, ndiye." Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu asiyetarajia kusumbuliwa.

"Jambo moja tu mtawala halifanyi," ikasema sauti kutoka mwisho wa mkeka. Alikuwa mzee mwembamba, kofia yake imefuliwa mpaka imepauka. "Hapendi. Mimi ndiye ninayempendea."

Jina lake lilikuwa Mzee Makame wa Pandu, na cheo chake Mpenda wa Niaba. Mtawala, walimweleza Kidawa, ni wa watu wote. Akimpenda mmoja, wengine wamenyimwa. Kwa hiyo alikuwepo mtu wa kupenda badala yake, na kupokea mapenzi ya watu badala yake. Wao raia waliachiwa wapende wenyewe, kwa sababu hakupatikana mtu wa kuifanya kazi hiyo nchi nzima kwa malipo yale.

"Wanapendana vipi," aliuliza Kidawa, "ikiwa hawaruhusiwi hata kushikana mkono katika msiba?"

"Kimya kimya," alisema Mzee Makame.

Kidawa alikuwa amesimama kwa muda mrefu na miguu ilimuuma. Hakuna aliyeliona hilo, au walioliona walimngoja mhusika. Mzee Makame akanyoosha mguu kama mtu aliyeteleza, na mkeka wake ukasogea mpaka miguuni pa mgeni. Kisha akatazama pembeni. Kidawa alikaa, na hakulisahau jambo hilo.

Nchi ya Niabani imelala mteremkoni. Juu kuna ziwa, na ziwa limezuiwa kwa ukuta wenye lango la mbao. Chini ni Bondeni, mahali pakavu. Mkono wa mtawala tu ndio unaoruhusiwa kulifungua lango. Kwa vile mtawala hayupo, kila msimu wa kupanda Mfungua wa Niaba alipanda huko kwa ngoma, akasimama mbali kidogo na lango, akazungusha mikono hewani, akapigiwa makofi, akarudi nyumbani kula. Watu wa Bondeni walisema, "Limefunguliwa," kisha wakachukua majembe wakaenda kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa.

Kidawa alifika Bondeni siku ya msiba. Alikuwa amekufa kikongwe aitwaye Bi Msimu. Walia walikaa safu mbele ya nyumba wakilia kwa zamu, mmoja akipumzika mwenzake anaendelea. Majirani walikaa upande wa pili, mikono magotini, nyuso kavu, wakingoja kumaliziwa msiba wao.

Kidawa alizunguka uani kuomba maji. Alimkuta mwanamke amechutama nyuma ya choo, kanga ameisokomeza mdomoni, mabega yanatikisika. Alikuwa kama wa miaka thelathini na kitu, vidole vimeingia rangi ya ukili, maana kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Alipomwona mgeni alisimama, akajifuta uso, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji. Mtungini hayakubaki mengi. Kidawa alisikia kata ikikwangua chini.

"Nyoosha mikono," alisema yule mwanamke.

Akammiminia taratibu, kwa mkono wake mwenyewe, mpaka vumbi la njia lote likaondoka. Yaliyobaki akampa anywe.

"Unaitwa nani, dada?"

"Mize. Aliyekufa ni bibi yangu. Usimwambie mtu uliyoyaona huko nyuma."

"Sikuona kitu," alisema Kidawa, naye alikuwa mtu aliyelipwa kwa kuona.

Alisema moyoni kwamba ni uchungu tu, uchungu humfundisha mtu yeyote. Akaomba kupanga chumba pale, kwa kuwa nyumba imebaki na mtu mmoja. Asubuhi alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza habari za yaya na mtoto, na jioni alirudi bila kitu. Mize alikuwa amekaa barazani kwake anasuka, na pembeni yake daima palikuwa na kitu kimefunikwa kwa sahani: muhogo, mchicha, kipande cha nazi.

"Mpelelezi gani wewe," alimwambia siku moja, "umekaa hapa siku zote hizi na chumvi bado hujui ilipo?"

"Chumvi haijapotea. Mimi natafuta vilivyopotea."

"Basi tafuta ule ukili niliokupa jana usuke. Maana nilichokiona mimi ni kamba ya kumfungia punda."

Walicheka. Mize alicheka kwa kujifunika kanga, kama mtu anayeficha kitu kizuri asije akanyang'anywa. Kidawa alijifunza kusuka, vibaya, na alijifunza kurudi mapema. Miguu yake ilipopasuka kwa ukavu, Mize aliipaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja. Baadaye wakalala mkeka mmoja. Hakuna aliyewauliza, kwa sababu Muuliza wa Niaba alipita Bondeni mara moja tu kwa mwaka, na mwaka huo alikuwa ameshapita.

Kidawa hakuwahi kupata furaha ya namna ile, naye kwa vile hakuizoea aliogopa hata kuitaja.

Ikaja asubuhi moja, Mize anampa uji, bakuli likainama, uji ukamwagikia goti la Kidawa.

"Niwie radhi," alisema Mize, akainama kumfuta. "Nimekuunguza mwenzangu. Niwie radhi."

Kidawa alikaa na bakuli mkononi mpaka uji ukapoa. Tangu aingie nchi ile alikuwa amegongwa, amekanyagwa, amemwagiwa maji machafu, na hakuna aliyemwomba radhi kwa kinywa chake. Alikumbuka machozi ya nyuma ya choo. Alikumbuka mkono uliommiminia maji. Uchungu humfundisha mtu kulia, lakini haumfundishi kuomba radhi kwa ajili ya uji.

"Mize," alisema polepole, "nani alikufundisha hayo?"

Mize hakuinua kichwa. "Bibi."

"Bi Msimu hakuwa bibi yako."

"Alikuwa bibi yangu." Kisha akakaa chini, akaiweka mikono yake yenye rangi mapajani. "Aliniambia siku mbili kabla hajafa. Alisema hakuniiba kwa ubaya. Aliniiba kwa sababu alinilea kwa titi lake, na hakutaka nikulie mahali ambapo nitapendewa na mtu mwingine."

"Ulijua mimi nimekuja kutafuta nini?"

"Kijiji kizima kilijua. Nilifikiri hutaniona, kwa sababu nipo karibu. Kisha nikataka unione. Si kwa hilo, lakini."

Kidawa aliweka bakuli chini. Kazi yake yote alikuwa ameifanya kwa furaha ya kumwambia mtu, nimempata. Sasa neno hilo hakulitaka.

"Wanakutaka ukae kwenye Kigoda," alisema.

"Sitaki. Nimezika mtu wangu mmoja. Nimepata mwingine. Sitaki kiti cha mtu yeyote."

"Basi sikumpata," alisema Kidawa.

Akarudi mjini kutoa taarifa. Alitarajia kukaripiwa. Aliposema, "Nimetafuta sana, sikumpata," Waziri Ngwali aliweka mkono kifuani, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona.

"Huo ndio uaminifu," alisema. "Baraza litaendelea kungoja. Ni mzigo mkubwa, lakini tutaubeba." Akaagiza karamu. Wajumbe walijadili kwa kirefu kama nchi ingoje kwa kusimama au kwa kukaa, na kama wake zao wahesabiwe miongoni mwa wanaongoja, wapate posho. Mla wa Niaba aliletewa sahani ya pili, akaitazama kama mtu anayetazama kaburi lake. Ni Mzee Makame peke yake aliyemtazama Kidawa machoni.

"Umenawiri," alimnong'oneza wakati wa kuagana. "Mtu aliyekosa kitu hanawiri hivyo. Nenda, mwanangu. Mimi ni mzee, sisikii tena vizuri."

Kidawa alirudi Bondeni mbio mbio, na alikuta msiba.

Jirani yao Mwanamvua alikuwa na mtoto mmoja, Hidaya, kitoto cha maneno mengi kilichozoea kuja kwa Mize kusukwa nywele. Maji ya kuchimba yalikuwa yameanza kunuka. Hidaya aliendesha na kutapika, na alipokuja Mtembelea Wagonjwa kumpa pole, alimpa pole mama yake juu ya maiti.

Walia walikaa safu. Mwanamvua alikaa mbele yao, macho makavu, mwili umekakamaa kama mti. Mize alikuwa amesimama mlangoni kwake. Kidawa alimshika kanga, akamwambia, "Usiende." Mize hakuiondoa kanga mkononi mwake. Alitembea tu, ikamponyoka.

Alipiga magoti mbele ya Mwanamvua. Yule mama akamtazama, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia, "Mize, hivi inafanywaje?"

Mize alimvuta kichwa akakiweka begani kwake, akaanza yeye. Alilia bila kujificha, kwa sauti, mchana, mbele ya watu. Mwanamvua alitetemeka kwanza, kisha ikatoka sauti ambayo Bondeni haikuwahi kuisikia. Walia walinyamaza mmoja mmoja. Mmoja wao, mwanamume mwenye ndevu za mvi, alijishika mashavu kwa mshangao, maana yalikuwa yamelowa na zamu yake ilikuwa haijafika.

Walipomaliza kumzika mtoto, Mize na Kidawa walikaa kwenye baraza yao. Jua lilikuwa bado kali.

"Nitakwenda langoni," alisema Mize.

"Nitakwenda mimi. Mimi ni mgeni, sheria yenu hainihusu."

"Utafungua asubuhi, watalifunga jioni, nawe watakufungia mahali nisipopajua. Kinachofunguliwa na mkono wa mtawala ndicho tu ambacho hakuna mwingine awezaye kukifunga."

"Hukutaka."

"Sitaki hata sasa." Alikuwa na mkeka mapajani ambao hakuumaliza, akawa anaupapasa ukingo. "Nimekaa miezi hii yote nikinywa maji ya mchanga na kucheka na wewe, na lango lipo pale. Hidaya alikuwa akiniuliza kwa nini nacheka nikijifunika mdomo. Nilimwambia ni adabu. Ilikuwa woga."

"Watakuzuia usinipende."

"Watanizuia."

Kidawa aliuchukua ule mkeka, akaanza kusuka pale Mize alipoishia, vibaya, ukili ukipinda. Mize alimshika vidole akamwongoza, na wakasuka hivyo mpaka wakafika mwisho wa ukingo. Ule mkeka upo mpaka leo, una kipande kimoja kilichopinda.

Siku ya pili walipanda mteremko, na Bondeni nzima nyuma yao, wakiacha nafasi kama watu wanaofuata jeneza. Askari wa lango walimwona mwanamke akija kwa miguu yake bila mtu wa kutembea kwa niaba yake, wakashindwa kujua wafanye nini.

Lango halikuwa na kufuli. Kidawa aliliona hilo. Lilifungwa kwa kamba ya kawaida, fundo la kawaida, lililooza kwa mvua za miaka. Mtu yeyote angeweza. Wale wazee wote waliozungusha mikono hewani, wale mama wote waliochimba mchanga, yeyote kati yao angeweza kwa dakika chache. Mize alifungua fundo kwa kucha na meno, akasukuma, watu wakamtazama, kisha maji yakapita.

Hakuna aliyeshangilia. Mshangiliaji alikuwa mjini.

Baraza lilikaa. Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba lango limefunguliwa kinyume cha utaratibu, kwa hiyo kisheria bado limefungwa, na waliolowa hawakulowa. Hoja hiyo ilipata wafuasi wengi. Lakini maji yaliendelea kuteremka wakati wakijadili, na sauti yake ikawa inasikika mle ndani, mpaka Waziri Ngwali akachoka kupaza sauti juu yake. Alimtambua Mize kwa uso wa mtu anayesoma tanzia ya ndugu yake.

Mize alisimama mbele yao na kanga yake ya kila siku. "Nitakikalia," alisema. "Lakini ile sheria ya kupendewa naifuta leo."

"Mtukufu anaweza kufuta sheria yoyote ya nchi," alisema Waziri kwa upole. "Hiyo ni sheria ya Kigoda chenyewe. Mtawala ni wa wote. Siku atakayomchagua mtu mmoja si mtawala tena, na alivyofungua vitafungwa, kwa maana vitakuwa vimefunguliwa na msuka mikeka. Mtukufu aamue. Sisi tumezoea kungoja."

Mize aligeuka kumtazama Kidawa. Kidawa alimtazama Mwanamvua, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo iliyojaa, ameikumbatia kama mtoto. Kisha Kidawa akainamisha kichwa, kidogo tu, kama mtu anayejibu ndiyo. Maisha yake yote alikuwa amerudisha waliopotea kwa wenye kupotelewa. Huyu tu ndiye aliyempoteza kwa kumrudisha.

Pazia likashushwa mbele ya Kigoda, kwa sababu uso wa mtawala hautazamwi na mtu mmoja zaidi ya mwingine.

Kidawa hakurudi kwao. Alikaa katika ile nyumba ya Bondeni, akasuka mikeka iliyopinda, watu wakainunua bila kulalamika. Mambo yalibadilika polepole. Sheria ya machozi ilifutwa, na ile ya kuuguza, na ile ya salamu. Watu walisalimiana kwa aibu, wakikosea maneno. Mwanamvua aliwafundisha wengine kulia. Mashamba yakawa ya kijani mpaka chini.

Kila Ijumaa alikuja Mzee Makame kwa kazi yake. Alivua viatu, akakaa, akasema kwa sauti ya barazani, "Kwa niaba ya Mtukufu, unapendwa, pamoja na raia wote wa upande huu." Kisha alisogeza sahani iliyofunikwa, aone kama Kidawa amekula.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" Kidawa aliuliza kila mara.

"Siruhusiwi kubeba maneno, mwanangu. Mimi hubeba mapenzi tu." Lakini aliongeza, akitazama paa, "Nimesikia mahali watu wanasema kwamba mtu fulani hali mpaka amechota maji yake mwenyewe. Na kwamba hacheki. Lakini mimi sisikii vizuri."

Miaka ilipita. Miguu ya mzee ikavimba. Ijumaa moja alifika amebebwa kwenye kitanda, akaagiza wabebaji wamngoje nje.

"Sheria ya zamani bado ipo," alisema. "Mwenye cheo akishindwa anaweza kumweka mtu afanye kwa niaba yake. Hawakuifuta, kwa sababu wazee wote wa Baraza wanaitegemea. Nimempendea mtawala umri wangu wote, kwanza kiti kitupu, kisha pazia. Sijui kama nilifanya vizuri. Nikuweke wewe?"

Kidawa aliitazama ile kofia yake iliyopauka.

"Hutamwona," alisema mzee. "Nisikudanganye. Mara moja kwa mwaka sote tunapita mbele ya pazia kutoa taarifa. Unasema maneno yaliyoandikwa, unaondoka. Lipo jambo moja jipya, alilianzisha yeye. Mtu akifika kutoka njiani, anamnawisha mikono. Mkono wake ndio haki yake, hawakuweza kumkatalia."

Kidawa alimshika miguu yake iliyovimba, akaipaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja. Mzee Makame alilia, machozi yake mwenyewe, bila kuona haya.

Siku ya taarifa Kidawa alisimama mwisho wa safu, kofia ya mzee mkononi, maana mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Mbele yake maofisa walipita mmoja mmoja. Kata ilitokeza chini ya pazia, ikamimina, ikarudi. Zamu yake ilipofika alipiga magoti. Alikuwa ameyakariri maneno njia nzima.

"Kwa niaba ya watu wa Bondeni," alianza, na sauti yake ya chini ikakatika. Akaanza upya. "Unapendwa."

"Maneno hayajakamilika," alisema Waziri Ngwali, ambaye sasa alikuwa mzee sana. "Kwa niaba ya nani?"

Kitambaa cha pazia kikatikisika, na mkono ukatoka na kata. Ulikuwa umezeeka, lakini kwenye mizizi ya kucha rangi ya ukili ilikuwa bado haijatoka.

Kidawa alinyoosha mikono.

Maji yalishuka taratibu, juu ya vidole, juu ya viganja, mpaka viwiko. Kata ikarudi ndani, ikasikika ikichota, ikatoka tena. Ikarudi, ikatoka. Maji yakajaa sakafuni, yakafika kwenye viatu vya wajumbe. Mmoja wao alikohoa. Waziri akamtazama mwandishi wa sheria, mwandishi akatikisa kichwa, maana hapakuwa na kifungu kinachosema mtu anawishwe kiasi gani.

Wajumbe walisimama ndani ya maji wakingoja, na kata ikaendelea kuchota, mpaka ikasikika ikikwangua chini ya mtungi.